Usiku wa Tatu

Siku ya harusi waligawa nywele zangu kwa ncha ya mkuki,
mafungu sita. Mama akanong'ona: tulia,
chuma hakimuumi asiyetikisika.
Shela la rangi ya moto. Jozi zikarushwa,
watoto wakazigombania matopeni.
Vibio akaninyanyua juu ya kizingiti
nisije nikajikwaa, maana kujikwaa ni nuksi.
Nilikuwa na miaka kumi na mitatu,
mwanasesere wangu wa udongo nimeshamwachia
miungu ya nyumbani, uso ukutani.

Sheria imechorwa kwenye shaba, hata mwuza vitunguu anaijua:
mke akimaliza mwaka chini ya paa la mume
pasipo kukatisha, huingia mkononi mwake,
kama ng'ombe, kama kiwanja,
kama chochote kilichokaa kwa mtu hadi kikazoeleka.
Dawa yake ni kulala nje
usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Basi kila mwaka, baridi ikianza kulegea,
baba alimleta punda.
Vibio alinifungia mkate na zeituni, kimya.
Mwaka mmoja tu aliuliza: Utarudi?
Nikamjibu: Nisiporudi, nani atakukuna mgongo?
Na kila niliporudi alininyanyua tena mlangoni,
mzaha wake wa kila mwaka,
hata huo mgongo ulipoanza kumsaliti.

Kwa baba nililala kitanda cha utoto, miguu ikining'inia.
Asubuhi ya nne alihesabu kwa vidole:
moja, mbili, tatu. Bado u wangu.
Akafumba ngumi.
Miaka kumi na minane nilidhani ule ni upendo.
Labda ulikuwa. Upendo,
pamoja na lile shamba la mizeituni
asilotaka liende kwa Vibio.

Mwaka huu baba yumo kwenye chungu cha majivu.
Nimepanda mlima kwa miguu.
Kaka yuko mjini, anabishana nani awe mwangalizi wangu,
maana mwanamke, wanasema, akili yake nyepesi.
Mimi ndiye niliyekuwa nikimhesabia mafuta.

Taa imekunywa tone la mwisho.
Mkono wa baba haupo.
Mkono wa Vibio uko mwendo wa nusu siku,
nadhani umelala upande wangu wa kitanda, umekunjuka.
Nautazama wangu: kovu la tanuri,
uzi wa sufu chini ya kucha.
Nauweka chini ya shavu.

Kesho nateremka. Hakuna aliyehesabu.
Akiinama kuninyanyua nitamwambia:
acha, Vibio, utavunjika.
Nikijikwaa, nijikwae.