Uzito wa Lori Tupu

Alivua kofia kabla ya viatu,
akaikodolea mizani yangu
kama anayemtazama mwanagenzi aliyerithi kazi yake.
"Hii ilisawazishwa lini?" akauliza.
Nikacheka. Yeye hakucheka.

Miaka ishirini na sita Zablon Agunga
alikaa kwenye kibanda cha mizani kiwandani,
malori yakipanda, matrekta yakipanda,
na wakulima wa Kibigori, wa Chemelil, wa Koru
wakingoja kalamu yake ishuke kwenye karatasi.
Alijua mzigo ulioloweshwa usiku ili uzidi.
Alijua udongo uliofichwa katikati ya miwa.
Alijua kukata kilo za majani na taka,
na siku nyingine, hili si siri hapa,
alikata tu.

Kadi yake ilikuwa mbele yangu.
Aprili: sabini na moja.
Julai: sitini na sita.
Leo mshale ukatetemeka, ukatulia:
sitini na moja na nusu.
"Si vibaya," akasema, akiharakisha kushuka.
Mlangoni bintiye, Akeyo, akashusha pumzi.

Lakini mshipi ulikuwa na matundu mapya manne,
yametobolewa kwa msumari, moja limeenda upande.
Lakini kola iliizunguka shingo bila kuigusa.
Nikasema: Mzee, toa vilivyo mfukoni.

Akamtuma Akeyo akanunue maji.

Kufuli. Nati tatu za trekta.
Betri za redio zilizokufa. Jiwe
la kando ya reli, limefungwa kwenye hanchifu
kwa adabu, kama hela ya sadaka.
Akavipanga mezani pangu kimoja kimoja
bila kuniangalia.

Akapanda tena. Hamsini na saba, nukta nne.

Unalala?
"Nalala."
Unakula?
"Nakula." Kisha: "Naonja.
Omena zina ladha ya chuma. Ugali unaningoja
mpaka unakuwa mgumu, na kuku wanashukuru."
Jasho la usiku?
Akatazama dirisha.
"Shuka naianika mwenyewe, Akeyo hajaamka."

Na maumivu. Sufuri ni hakuna kabisa,
kumi ni yale yasiyosemeka. Nipe namba.
Akafikiri kama anayejumlisha tani.
"Nne."
Nne ya nani, Mzee? Nne ya karani,
au ya mkulima aliyeleta tisa?

Hapo akacheka, mara ya kwanza,
na kicheko kikamkatikia chini ya mbavu za kulia.
Akashika ukingo wa kitanda.
Midomo ikawa rangi ya majivu.
Nilihesabu kimoyomoyo hadi kumi na moja
kabla hajaipata pumzi yake.

"Andika saba," akasema.
Na baada ya kitambo:
"Za taka nimeshazitoa."

Nikamlaza. Nikapasha viganja joto, nikabonyeza polepole,
na vidole vikakuta, pale pale alipopashika,
kitu kigumu kisicho na haki ya kuwa hapo.
Sikusema neno. Lakini mtu aliyesoma nyuso
za wenye malori tangu ujanani
hahitaji risiti.

"Lori hupimwa mara mbili, sista,"
akasema akitafuta vifungo vya shati.
"Likija na miwa. Na likishashusha.
Wewe umenikuta safari ya pili."

Sijui bado, nikamwambia. Ndiyo maana naandika barua.
Hospitali kuu, Kisumu. Jumanne, kabla ya saa moja,
bila kula. Akeyo aende nawe, na ajue.
Nikaandika tisa. Nikaandika hamsini na saba, nukta nne.
Aliifuata kalamu yangu tangu mwanzo wa mstari
hadi mwisho, jinsi wale walivyoifuata yake.

Akeyo aliporudi na maji,
nati zilikuwa zimesharejea mfukoni, na kufuli, na betri.
Jiwe aliliacha.
Linashikilia makaratasi yangu
upepo wa Nandi unaposhuka saa tisa.