Digrii Thelathini na Mbili

Faili lilikuja Jumatatu, limefungwa kwa uzi wa kijani,
likinukia wino mpya.
Ghorofa saba, nyumba arobaini na mbili,
tangi la maji juu ya paa,
na kwenye jalada, picha ya watoto waendesha baiskeli
mahali ambapo mimi, Jumanne,
nilishuka kwa matako.

Andika hivyohivyo, nikamwambia karani Mutisya,
usiandike "kwa tahadhari".
Mteremko ule wa Kangemi hautambui buti za serikali.
Nilishika mizizi, nikashika mgomba, nikashika hewa,
hadi chini, kijito kinakopita na chupa zake tupu.

Juu ni udongo mwekundu, ule mzuri,
unaong'ang'ania viatu kama mtoto anayetaka kubebwa.
Chini yake, majivu ya volkano ya kale
yaliyogandana yakajifanya mwamba;
yakilowa, ni sabuni ndani ya beseni.
Katikati yanapita maji.
Hayana haraka. Hayana faili.

Ripoti yao ina mashimo mawili ya uchunguzi,
yote mawili kando ya barabara, penye tambarare:
daktari ampimaye mgonjwa homa
kwa kugusa kitanda.

Nguzo za ua zimeinamia bonde,
zote,
kama watu walioitwa jina.

Jirani wa kiwanja ni Kerubo. Alinipa maji ya kunawa matope,
kisha akaufunga mlango wake kwa nyonga.
"Mbao hizi zinakunywa maji," akasema.
"Kila mvua za Aprili namwita Lusweti aupige randa.
Mwaka huu itakuwa mara ya tano."
Nikainama kana kwamba nafunga kamba za buti.
Mlango umeliwa mshazari:
upande mmoja vidole viwili,
upande wa pili haujaguswa.

Mbao ikinywa maji huvimba kote.
Haichagui upande.

Wahenga walituachia neno kuhusu ufa na ukuta.
Ufa wa ardhi unazibwa kwa nini, hawakusema.
Nami sikusema. Nilikunywa chai yake, tamu mno,
nikamsifia rangi ya pazia.

Alhamisi akaja mwenye faili, Bwana Muchemi,
mwalimu wa hesabu, miaka thelathini na mmoja ubaoni,
akiba yake yote imekaa juu ya ule mteremko.
Hakuleta bahasha. Afadhali angeleta;
ningejua pa kuiweka hasira yangu.
Alileta macho mekundu na risiti.
"Mhandisi wangu ana digrii mbili," akasema.
Nikamjibu: mlima una thelathini na mbili.
Mutisya akacheka. Mwalimu hakucheka.
Nami hadi leo natamani ningeyameza maneno yale.

Niliandika: chimbeni mashimo mengine sita, huku chini.
Onyesheni maji yatatokea wapi.
Onyesheni ukuta wa kuzuia, na kitakachouzuia ukuta.
Sikuandika hapana. Hapana ni neno fupi,
lina njia nyingi za kuzungukwa.

Baada ya wiki tatu faili likarudi.
Uzi mwekundu, mhandisi mwingine, sahihi yenye mikia.
Mteremko: digrii kumi na nane.
Wiki tatu tu, na mlima umelala chini
kama ng'ombe aliyechoka,
juu ya karatasi.
Muhuri upo mezani, wino wake haujakauka.
Ghorofa ya juu wameuliza mara mbili kinachonichelewesha.

Usiku huu mvua imeanza Buruburu.
Nimeamka, nimeujaribu mlango wangu:
unafunga, taratibu, bila nyonga.
Nimeona haya, peke yangu, gizani.
Kukipambazuka nitarudi kule na kipimo changu,
lakini kwanza nitabisha kwa Kerubo,
nimwambie niliyoyaona nilipofunga kamba.

Mvua inazidi.
Mahali fulani Lusweti ananoa randa.