Banda la Mwinyimvua

Kufuli lilikataa ufunguo.
Nikalimiminia mafuta ya kupikia, nikangoja,
nikaligonga kwa kisigino cha kiatu
likafunguka, likanitemea unga mwekundu kiganjani.
Miaka mitano. Hapa Hartlepool ukungu wa bahari
hupanda mpaka kwenye ua wetu, na haupigi hodi.
Ulikuwa ukicheka, Mwinyimvua:
"Mji huu ulinijua jina
kabla sijashuka kwenye treni."

Nyundo yako imevimba, inabanduka magamba.
Chuma hakijui kujizuia;
kikionja maji na hewa, kinajimega,
kinatoa ngozi mpya ili nayo iliwe.
Ngazi ya alumini siyo hivyo.
Ilipauka mapema, ikajivika vumbi lake yenyewe,
kanzu nyembamba, ikasema basi.
Nimeipanda leo. Imenibeba.
Bomba la shaba limeota ukijani kwenye viungo.
Uliniambia huo si ugonjwa,
ni shaba inavyoota mvi.

Chini ya benchi, ndani ya gunia,
vipande vya zinki
vilivyochimbika kama jiwe la kusugulia miguu.
Hivi ulivifunga matumboni mwa meli
ili chumvi ile zinki kwanza, chuma kipone.
"Kazi yake ni kuliwa," ulisema,
ukakohoa,
ukatia kijiko cha tatu cha sukari kwenye chai.
Zamu za usiku zote ulizichukua wewe.
Mwanaidi akasoma. Shaweji akasoma.
Mimi sikuuliza kitu.

Jumamosi Bwana Ridsdale wa nyumba ya pili
atakuja na gari lake kuchukua vyuma chakavu.
Anasema kutu ni nzito kuliko chuma ilichokila,
kwa sababu imebeba na hewa ndani yake.
Mnunuzi haulipii uzito huo,
ila mzani unauona.

Pete yangu nimeitazama chini ya taa.
Dhahabu haina habari.
Mvua zile zile, sabuni zile zile, maji ya kukuoshea
wiki ile ya mwisho,
nayo inang'aa kama siku ya Pangani.
Watu huisifu kwa hilo.
Mimi nimeivua, nimeitia mfukoni,
nikachukua kipande kimoja cha zinki
nikakiweka kwenye dirisha la jikoni,
pale ukungu unapoingilia.