Viti Sita vya Chavakali

Vilifika Section 58 juu ya lori la ndizi,
miguu juu, kama mbuzi wa mahari,
viti sita vya mvule.
Dereva akauliza, "Mama, hizi ni kuni?"
Nikamlipa nauli. Sikumjibu.

Jumamosi nikatandaza gunia varandani:
bisibisi, koleo, nyundo ya kuazima
kwa Barasa wa mlango wa tatu, anayependa kuniambia
viti vya plastiki siku hizi ni bei ya kuku.
Nikaanza kung'oa misumari,
mmoja mmoja, kila mmoja ukilia kama panya.

Chini ya plastiki nyekundu kulikuwa na maua,
chini ya maua, kaki.
Nikaitambua: kaptura ya shule ya kaka yangu Kisia,
mfuko wa nyuma ungali na kifungo.
Chini ya kaki, mkonge uliochambuliwa kwa mkono,
na ndani ya mkonge senti kumi yenye tundu,
pini ya nywele, njiti ya kiberiti,
na harufu ya jikoni kwetu, moshi na mrenda,
iliyonikalisha chini nikiwa na koleo mkononi.

Nilipiga msasa kutwa.
Upepo wa Menengai ukaninyima hata vumbi langu,
ukalipeleka kwenye nguo za jirani.

Kiti cha sita nilikuwa nikikikwepa.
Kiti cha Senje Mmbone, kile kilichoyumba.
Aliporudi nyumbani kutoka kwa mume
ndicho alichopewa, karibu na mlango,
na kila mlo ulikuwa na mlio wake: tok, tok,
na baba, bila kuinua macho kwenye ugali:
"Mmbone, hata kiti kinakushinda kutulia?"
Tulicheka. Mimi pia nilicheka.
Yeye alikunja karatasi, akaisukuma chini ya mguu.
Asubuhi mtu aliifagia.

Basi nikakipima kwa futikamba.
Inchi kumi na saba na nusu.
Na nusu. Na nusu. Na nusu.
Nikakisimamisha kwenye saruji,
nikakisukuma. Kimya.
Nikakikalia, nikajitikisa kama mtoto
hadi Barasa akachungulia. Kimya.

Kumbe sakafu.
Miaka yote ile, sakafu ya baba,
aliyoimwaga mwenyewe na kuwaonyesha wageni,
pale karibu na mlango ilikuwa na bonde.

Jioni nikapiga simu Mbale.
"Senje, kiti chako hakiyumbi."
Nikasikia kuku, nikasikia mlango, nikasikia redio ya mtu.
"Nilijua," akasema.
Kisha: "Umekiwekea kitambaa gani?"
"Bado. Kiko uchi. Chagua wewe."
"Chenye mistari," akasema, papo hapo,
kama mtu aliyekuwa na jibu mfukoni tangu zamani.
"Na sponji iwe nene. Usinibanie."