Nafasi ya Kumi na Sita

Nyuma ya bili ya gesi nimepiga hesabu tena:
mechi tisa, pointi kumi na moja zatosha,
ikiwa walio chini yetu watafungwa kwao,
ikiwa goti la Wieczorek litahimili mpaka Mei,
ikiwa, ikiwa.
Kalamu imetoboa karatasi.

Halina auliza: una mke au una timu?
Mke, namwambia, sina wasiwasi naye.
Akanisukumia supu.

Jumamosi tuliamkia makoleo, watu kumi na wanne, bila ujira,
tukaifukua theluji mpaka nyasi zikaonekana,
zimechoka kama sisi.
Kisha, dakika ya themanini na tisa,
Kacper, kipa wetu, mtoto wa juzi,
akauachia mpira upite katikati ya miguu.

Sikutukana.
Hata mzee Norbert, mtukanaji tangu mgodi ungali hai,
hakutukana.
Hapo ndipo nilipoogopa:
watu elfu mbili wanakunja skafu
na hakuna anayekohoa.

Garini nikala kiapo: basi, nimetoka.
Kiapo kilifika taa za pili.
Jagoda, kiti cha nyuma: “Baba, tukishuka daraja, tutahama?”
“Tutabaki palepale. Wageni ndio watakaobadilika.”
Akafikiri. “Labda watakuja na ngoma.”

Jumatano tunacheza ugenini.
Nimemwomba msimamizi ruhusa, nikasema jino.
Akalitazama shavu langu, akaufunga mlango,
akauliza kwa sauti ya chini
kama garini ipo nafasi
ya jino lake pia.