Taa ya Dari ya Pikapu

Mama, leo nimeiona koroboi Marekani.
Usicheke. Ina utambi, ina kioo, ina masizi
yaleyale yaliyotujaa puani kule Mpwapwa,
tukiamka asubuhi tunaupenga usiku.

Nilikuja Arizona kufunga sola, si kukumbuka.
Lami ilituacha saa nne unusu;
zilizobaki, maili kumi na mbili za mchanga mwekundu,
Delvin Attakai kwenye usukani,
paneli mbili nyuma, zimefunikwa blanketi kama wagonjwa.

Juu yetu, minara ya chuma.
Nyaya nene kama mkono wa mtoto, zinavuma,
zimebeba umeme wa mji mzima,
zinapita juu ya kondoo wa Bi Ilene
bila hata kubisha hodi.
Makaa ya mawe yalitoka hapa, Delvin kasema;
babu yake aliyachimba mpaka mapafu yakawa ghala.
Penye miti hapana wajenzi, nikamwambia.
Ikabidi nimfafanulie. Akacheka kidogo,
kisha akanyamaza maili tatu.

Bi Ilene hakutupokea kwa shangwe.
Alikwisha kuuziwa mwanga mara mbili.
Wa kwanza alikuja na tai shingoni:
betri ikafa, deni likabaki hai.
Wa pili alikuja na kamera,
akaipiga picha taa ikiwaka, akaondoka na picha.
"Hii itakufa lini?"
Hakuuliza itawaka lini. Itakufa lini.
Nikamjibu kweli: miaka kumi, ukiitunza wewe;
sita, likiitunza vumbi.
Na ikifa, Delvin anakaa umbali wa galoni moja ya petroli.
Dola kumi na nane kwa mwezi.
Akahesabu kwa vidole vilivyozoea uzi wa sufu:
mafuta ya taa, betri za tochi,
barafu ya kupozea insulini.
Barafu peke yake ilikuwa inakula zaidi.
"Pandeni," akasema,
akatuonyesha paa kwa midomo, kama shangazi Mbeleje.

Upepo wa Oktoba huku hauna adabu.
Skrubu thelathini na mbili,
na kila moja nimeikaza kwa vidole visivyo vyangu.
Taa nne: jikoni, chumbani, mlangoni,
na ya nne, akashikilia, zizini,
maana mbweha wa huku hawaogopi sala.

Sasa nikwambie habari za mjukuu.
Kyren, miaka kumi na mmoja.
Huyu husomea ndani ya pikapu,
chini ya taa ya dari, milango imefungwa,
pumzi zake zikiandika ukungu kwenye kioo.
Asubuhi pikapu haiwaki.
Kliniki iko maili arobaini.
Mara ngapi Bi Ilene amekosa daktari
kwa ajili ya hesabu za sehemu?
Hajamgombeza hata siku moja.
"Ningemwambia nini? Asijue?"

Saa kumi na mbili na robo nikabonyeza swichi.
Hakuna aliyepiga makofi.
Bi Ilene aliutazama ukuta, akaona utando wa buibui,
akaenda kutafuta ufagio.

Tulipokuwa tunakusanya vyombo gizani
nikaiona pikapu inameremeta kidogo,
kama mtu mwenye siri.
Kyren alikuwa mle ndani, daftari magotini.
Miguu ilikuwa haijapata habari.
Bibi akatoka, akagonga kioo mara moja,
akafungua mlango, akajipinda mpaka dari,
akaizima taa kwa mkono wake,
akasimama palepale kwenye baridi
mpaka mtoto akaipata penseli.

Asubuhi Delvin alipigiwa simu.
Pikapu imewaka, funguo ya kwanza.

Mama, ile sola yako niliyokufungia,
ile ndogo, ya juu ya stoo,
nimekumbuka skrubu ya kushoto sikuikaza.
Mwambie Chilongola apande. Kesho.
Kabla ya mvua.