Saa Iliyorudi

Usiku ule wa Oktoba saa zilirudishwa nyuma.
Bulgaria nzima ililala, ikaongezewa usingizi wa bure.
Sisi wa zamu ya usiku, kiwandani Kazanlak,
nyongeza yetu tuliifanyia kazi.

Ilipotimu saa kumi alfajiri
mshale ukarudi kwenye tisa
taratibu, kama mgeni aliyesahau kofia.

Mashine ya kuchora namba haikuuliza kitu.
Ilichoma kwenye shaba kama ilivyofundishwa:
mwaka, siku, saa, dakika.
Kila dakika vali moja, kila vali namba yake.
Hiyo ndiyo sheria aliyoiandika Plamen
akiwa na miaka ishirini na sita na uhakika tele:
"Wakati haurudi, Yordanka.
Basi na namba haitarudi."

Nilimwamini. Nani asingeamini?

Jumanne, ghalani, nikashika vali mbili za oksijeni,
moja kulia, moja kushoto.
Nikafuta miwani kwa aproni.
Nikasoma upya kwa kidole, tarakimu kwa tarakimu,
kama bibi yangu alivyosoma Zaburi.
Zilikuwa sawa
mpaka mkiani.

Pacha, mama yao huwatambua:
huyu ana kovu, yule hulala kifudifudi.
Shaba iliyong'arishwa utaitambuaje?
Na moja ikivuja kesho, barua itaandikwa,
na barua itazishtaki zote mbili.

Tukahesabu. Jozi arobaini na moja.
Zingekuwa sitini, ila tulikunywa chai.
Thelathini na tisa zilikuwa bado masandukuni.
Mbili zilikwisha kuachana na wenzao:
moja kwa mchomeleaji wa Burgas,
moja Pleven, wodi ya watoto,
kwenye mtungi ulio kando ya kitanda.

Plamen alipiga simu mwenyewe.
Niliisikia sauti yake ikishuka, ngazi kwa ngazi.
"Nikusomee namba?" aliuliza muuguzi.
"Namba haitusaidii, dada. Itazame vali yenyewe.
Chini ya shingo, kuna alama ya jino la koleo?"

Maana saa tisa ya kwanza alikaza Bogdan,
na Bogdan hukaza kwa hasira.
Saa tisa ya pili alikaza Zlatka,
ambaye hutanguliza kitambaa.

Kimya. Viatu vikaenda, vikarudi.
"Ipo," alisema. "Ndogo, kama ya panya."
Plamen akaketi juu ya sanduku
akaandika neno Bogdan
mahali palipotengwa kwa tarakimu kumi na mbili.

Siku hizi mashine haitazami saa.
Inahesabu tu, moja baada ya moja,
hata umeme ukikatika inakumbuka ilipofika.
Vali ikiharibika tunaiyeyusha,
lakini namba yake hairithiwi;
kwenye daftari naandika "haipo", nasonga mbele.

Mshahara wa Oktoba ukaja.
Nikaujumlisha mara tatu kwa penseli.
Kompyuta ya ofisi imeandika: tisa hadi kumi, saa moja.
Moja tu.

Jozi moja nilikuwa nimeibakiza kabatini.
Nikazitia mfukoni, zikagongana njia nzima,
nikapanda hadi kwa mhasibu,
nikaziweka mezani mbele yake, moja, na ya pili,
nikamwambia:
"Soma."